Wimbo Uliomkuta Bi Somoe Edani

Bi Somoe binti Mkwinda hajawahi kushindwa kwa maneno hapa Miteja. Nasema hivyo mimi jirani yake wa ua kwa ua, Mama Amiri, niliyebishana naye mara nyingi nikaishia kurudi kwangu kupika kimya kimya. Aliletwa hapa bibi harusi kutoka Umatumbini, akamkuta mumewe Mfaume ana kibanda kimoja cha udongo na mikorosho ya kuhesabika. Wakajenga. Yeye akikaanga korosho na kuwauzia abiria wa mabasi pale barabarani, Mfaume akipanda mikorosho mingine nyuma ya nyumba. Bati, saruji na milango, vyote vimetoka kwenye korosho zile.

Kazi yake nyingine ni usomo. Harusi ikiwepo kokote huku kwetu, yeye ndiye anayekaa chumbani na bibi harusi siku ya nikahi, shehe anapokuja mlangoni kuuliza kama binti ameridhia. Binti huona haya, hajibu kitu, na kimya chake ndiyo ridhaa yake. Mwingine akizidi kuinama, Bi Somoe humfinya paja ili angalau agune, na wanawake waliojibanza mlangoni wanapiga vigelegele. Sasa mwambie mwanamke wa namna hiyo akae ndani, asicheke na watu, asipige soga barabarani. Siku Mfaume alipofariki nilimlilia marehemu, halafu nikamlilia na huyu aliyebaki.

Mfaume aliondoka ghafla, aliumwa asubuhi na magharibi hatunaye. Bi Somoe akaingia edani: nguo nyeupe, hakuna manukato wala hina, haendi hata kwenye genge. Simu aliruhusiwa na shehe wetu, Shehe Yassin, kwa sababu binti wa Bi Somoe, Fauzia, yuko Lindi na mimba ya mwisho mwisho, na pia watu wa mbali walitaka kumpa pole. Nami nikawa miguu yake. Chumvi mimi, mafuta ya taa mimi, samaki mimi.

Ni hao samaki walionifikisha kwenye jambo lenyewe. Nilikuwa Somanga mnadani, changu wamepanda bei, nikaona nimpigie nimuulize kama nimchukulie vibua badala yake. Sijawahi kumpigia simu maisha yangu yote, ya nini, nikitaka kumwambia kitu napaza sauti juu ya ua. Nikaweka simu sikioni kungoja apokee. Badala ya mlio, ikaingia ngoma, ikaingia na sauti ya mwanamke inayolegea:

*Njoo, njoo mpenzi, njoo leo,*
*mlango wangu sijautia komeo.*

Nikaitazama ile simu. Jina ni lake, namba ni yake. Nikapiga tena, na safari hii nikangoja mpaka ubeti wa pili, ambao unaeleza kuhusu kitanda na upana wake. Muuza samaki akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia nipe vibua, nikaondoka bila kuchukua chenji.

Nilimkuta Bi Somoe kwenye mkeka, tasbihi mkononi. Sikumweleza kitu. Nilikaa mbele yake, nikapiga namba yake kwa simu yangu, nikaweka sauti kubwa. Simu yake ikawa inaita mapajani kama kawaida, krii, krii, na simu yangu ikawa inamwita mpenzi aje leo. Akasikiliza mpaka kwenye kitanda, akajifunika uso kwa upande wa khanga.

"Mama Amiri," akasema humo humo ndani ya khanga, "huyu ni nani?"

"Ni wewe, shoga. Kila anayekupigia ndiyo anayoyasikia haya, tangu sijui lini. Wewe huwezi kuyasikia kwa sababu hujipigii mwenyewe."

Akaanza kuwataja waliompigia tangu msiba. Mashemeji wa Pande. Mwalimu wa madrasa. Mjomba wake wa Kipatimu mwenye miaka themanini. Shehe Yassin, ambaye alipopokelewa alisema pole haraka haraka na kukata simu kabla ya kumaliza dua. Fauzia mwenyewe alisikia kila siku, na baadaye alituambia alidhani mama yake amechanganyikiwa kwa msiba akaona aibu kuuliza. Wote walisikia na hakuna aliyesema, kwa adabu. Mimi adabu ya namna hiyo inanikera mpaka leo.

"Ndiyo maana," Bi Somoe akasema, akaifunua khanga. Macho yalikuwa mekundu. "Ndiyo maana wifi yangu aliniuliza kama nalala peke yangu. Mume wangu hajakauka kaburini, Mama Amiri, na watu wanasikia kitanda changu." Akalia, na kile kilikuwa kilio kibaya kuliko cha siku ya mazishi, maana siku ya mazishi watu walilia naye.

Jambo hili lisingekuwa kubwa kama si Nurdin. Nurdin ni mdogo wake marehemu, anakaa Pande, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na maneno ya heshima. Tangu arobaini alikuwa anasema shemeji yake ahamishiwe Pande amalizie eda kwa dada yao. Shehe Yassin alimkatalia, kwamba mjane anakaa eda katika nyumba ya mumewe mpaka iwepo sababu nzito. Sasa sababu ikapatikana. Nurdin akaja na kusema mbele ya wazee kuwa huyu mwanamke anaita wanaume kwa simu, ukoo umeaibika, na Jumamosi baada ya adhuhuri analeta gari, Noah, kumchukua. Shehe akajikuna ndevu. Akasema kama wimbo huo bado upo mpaka Jumamosi, yeye hatakuwa na la kuwazuia.

Kila mtu hapa anajua mjane akitoka mlangoni na begi nini kinafuata. Nyumba inafungwa "kwa muda", ufunguo unashikwa na shemeji, na korosho zikidondoka zinaokotwa na shemeji. Bi Somoe alijua kuliko sisi sote. "Nikivuka kizingiti hiki," aliniambia, "nitakuja kurudi kama mgeni wa kuja kusalimia."

Na kuna kitu kingine alichonionyesha. "Huyu Nurdin ana nini? Kutwa ananibipu. Simu inaita, nikinyoosha mkono anakata. Nikimpigia mimi hapokei." Nikatazama simu. Kweli, jina la Nurdin lilikuwa limejipanga pale kutoka juu mpaka chini. Sisi wawili tukatazamana, lakini mwenzangu yuko eda, nikaona nisiseme niliyoyafikiri.

Tukaanza na huduma kwa wateja. Ukipiga unapigiwa muziki, halafu sauti inakwambia simu yako ni muhimu kwetu. "Kama ni muhimu mbona hawaipokei," akasema Bi Somoe, na akaendelea kungoja mpaka chai yake ikapoa. Alipopatikana binadamu, binadamu huyo akasema mama umejiunga mwenyewe, kujitoa tuma neno ONDOA. Tukatuma ONDOA. Likaja jibu kwamba ombi halikufanikiwa, tujaribu baadaye. Tulijaribu baadaye ile, na baadaye ya baadaye, na mpenzi akaendelea kuitwa.

Nikapanda gari mpaka Kilwa Masoko, kwenye ofisi yao. Nikamkuta kijana mmoja anaitwa Dominick, kijana msafi, mgeni wa huku. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema mwenye laini aje mwenyewe, ahakikiwe kwa alama ya kidole.

"Mwenyewe yuko eda," nikamwambia.

"Eda ni wapi, mama? Nimwelekeze ofisi ya karibu."

Nikamweleza eda ni nini. Akasikitika kweli kweli, akasema pole, lakini mfumo unataka kidole. Nikamwambia baba, kidole chake kiko eda pamoja naye, au unataka nikakikate nikuletee? Watu kwenye foleni wakacheka, yeye hakucheka. Nikarudi Miteja na hasira zangu, njia nzima nikisema peke yangu mpaka aliyekaa karibu nami akahama kiti.

Ijumaa ndiyo nikasikia tangazo kwenye redio ya mkoa. Kesho yake saa saba kutakuwa na kipindi cha haki za wateja wa simu, studioni yuko bwana wa kampuni na yuko afisa wa serikali anayesimamia mambo ya mawasiliano. Mwenye lalamiko atume namba yake, watampigia wao. Nilimwambia Bi Somoe nikiwa napepeta mchele, wala sikutegemea kitu. Akaweka tasbihi chini.

"Wao ndio wanaopiga?"

"Wao ndio wanaopiga."

"Na wanapongoja nipokee, wasikilizaji wanasikia?"

Nikaacha kupepeta. Tangu Mfaume azikwe sikuwa nimeona meno ya Bi Somoe, na sasa niliyaona yote, na lile pengo la pembeni pia. Akasema, "Tuma namba, Mama Amiri. Andika mjane wa Miteja anaomba kusikilizwa."

Jumamosi Noah ikaja mapema. Nurdin akashuka na wazee wawili wa Pande, wakaketi barazani pamoja na Shehe Yassin, kahawa nikawapa mimi, na nikaipika chungu kusudi. Redio nikaiweka dirishani, nikaigeuza mpaka ikashika vizuri. Bi Somoe yuko ndani nyuma ya pazia, begi lake limefungwa, simu mapajani. Nurdin akauliza kwa upole kama shemeji yupo tayari. Nikamwambia anamalizia jambo dogo, nikaingia ndani nikakaa pembeni yake.

Mtangazaji anaitwa Antonia, sauti yake tamu, anaongea kama anakula embe. Akasema, "Sasa tunaelekea Miteja, msikilizaji wetu huko ana lalamiko. Tumpigie tumsikie." Simu ya Bi Somoe ikaanza kuita mapajani. Na dirishani, kwa sauti kubwa ya redio yangu, ikaingia ngoma.

*Njoo, njoo mpenzi, njoo leo.*

"Pokea," nikamnong'oneza. Akainua kidole: ngoja. Mlango haukutiwa komeo. Kitanda kikaja na upana wake. Barazani mzee mmoja alikuwa ameinua kikombe, akabaki nacho hewani. Shehe Yassin alikuwa anasoma kitu kwa midomo. Antonia akacheka redioni, akasema, "Mhh, wasikilizaji, mwenzetu wa Miteja ana mambo yake." Simu ikakatika. Wakapiga tena, mpenzi akaitwa tena upya, toka Lindi mpaka Nangurukuru na kwingineko redio ile inakofika, na Bi Somoe akangoja mpaka ubeti wa pili uishe kwa raha zake. Ndipo akapokea.

"Asalaam alaykum, mwanangu," akasema. "Mimi naitwa Somoe binti Mkwinda. Ni mjane. Niko eda."

Nilisikia mtu akikohoa huko Lindi.

"Huo wimbo mliofurahi nao sikuuomba," akaendelea. "Nimepiga simu, nimetuma maneno, nimetuma jirani mpaka ofisini. Wanataka kidole changu, na mimi dini yangu hainiruhusu kutembeza kidole. Na hapa nje gari limewekwa kunitoa kwenye nyumba ya mume wangu kwa sababu ya wimbo huo. Nauliza kosa langu."

Bwana wa kampuni, Lukas, akatoa pole ya msiba vizuri sana. Halafu akasema lakini mfumo unaonyesha mteja alipigiwa tangazo la sauti, na tangazo lilieleza wazi kuwa asiyetaka huduma akate simu, na mteja hakukata. Alisikiliza kimya mpaka mwisho. "Kwa hiyo, mama yangu, kwa utaratibu wetu, kukaa kimya ni kukubali."

Bi Somoe akafumba macho. Nikaona amekumbuka, na mimi nikakumbuka naye, maana nilikuwepo. Siku ya tatu ya msiba, nyumba imejaa, simu imelia, akaiweka sikioni akisikiliza, akiitikia kwa kichwa, mwisho akasema ahsante mwanangu, Mungu akulipe. Mimi nikamuuliza nani huyo. Akasema ni mtoto wa mtu ananipa pole, sikumjua sauti.

"Ni kweli nilisikiliza," akasema redioni. "Sisi huku, mtu akikupigia kwenye msiba humkatii simu, hata kama humwelewi. Nilikuwa simsikii mtu siku ile, baba. Masikio yalikuwepo, mimi sikuwepo." Kisha nikaona lile pengo tena. "Wewe, baba Lukas, umeoa?"

"Bado, mama."

"Basi nikufundishe, itakufaa. Mimi ni somo, nimekaa na mabibi harusi wengi. Mwanamwali akiulizwa, kimya chake ni ridhaa, kwa sababu anaona haya. Lakini mjane hana kimya. Mjane mpaka atamke kwa mdomo wake, asipotamka hakuna ndoa. Muulize shehe yeyote, wangu yuko hapa barazani anakunywa kahawa. Sasa mimi mjane, wewe umeniozesha wimbo kwa kimya changu. Hiyo nikahi gani?"

Yule afisa wa serikali alicheka kwanza, akajirekebisha, akasema mama amemaliza kazi yake, lakini aongeze kidogo: mteja haunganishwi na huduma ambayo hakuiomba, ridhaa lazima iwe ya wazi, na mwenye malalamiko asikilizwe bila kuzungushwa. Akasema hayo yamo kwenye kanuni na kampuni inayajua. Akamwomba Bwana Lukas auondoe wimbo sasa hivi, hapo hapo alipo.

Lukas akaomba radhi, akaomba dakika chache. Wakaweka tangazo la sabuni. Waliporudi akasema tayari.

"Nipigieni tena tusikie," akasema Bi Somoe.

Wakampigia. Redio ikasema krii, krii, krii, mlio mkavu wa simu ya mtu yeyote. Mimi Mama Amiri sijawahi kuona raha ya mlio kama ule. Nilitaka kupiga vigelegele, nikakumbuka ni nyumba ya eda, nikajiziba mdomo kwa ungo uliokuwa karibu.

Barazani Shehe Yassin akaweka kikombe chini. "Aliyoyasema kuhusu mjane ni sahihi," akasema. "Na ile sababu tuliyokuwa nayo imeondoka. Nurdin, huyu anamaliza eda yake hapa." Wazee wa Pande wakaitikia haraka kuliko nilivyotegemea. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye simu yake ina wimbo wa mpira wa miguu asioujua ulikotoka. Noah ikageuza na kurudi Pande na kiti kimoja kitupu, na Bi Somoe akafungua begi akarudisha nguo zake kabatini.

Baada ya hapo simu yake ikapoa. Nurdin hakubipu tena hata siku moja. Bi Somoe aliniuliza unadhani kwa nini, nikamwambia labda hapendi krii krii. Akanipiga bega, akaniambia nimche Mungu, yeye yuko eda.

Eda ikaisha. Tukamtoa, tukamwogesha, akapaka hina na kuvaa gauni la rangi, Fauzia akaja na mtoto mgongoni. Haukupita muda mrefu Nurdin akaja tena, safari hii kwa bodaboda, ameongozana na wale wale wazee wawili na Shehe Yassin, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama. Wakaketi barazani. Bi Somoe akakaa ndani nyuma ya pazia, nami pembeni yake.

Nurdin akajieleza mwenyewe. Alieleza vizuri, sina budi kumsifu kwa hilo. Kwamba marehemu alikuwa kaka na baba. Kwamba nyumba isiingie mtu wa nje. Kwamba mikorosho inataka mwanaume wa kuisimamia. Kwamba mke wake mkubwa ameshaambiwa na hana kinyongo. Kwamba anaomba kumuoa shemeji yake kwa heshima zote. Akamaliza, akajifuta jasho, wakangoja.

Bi Somoe hakujibu. Nikamtazama, ameketi kimya, mikono mapajani, macho kwenye mkeka, mwanamwali kabisa. Nikaingiwa na wasiwasi. Kimya kikaendelea mpaka nje wakaanza kusogezasogeza viatu. Nurdin akatabasamu, nilimwona kwenye upenyo wa pazia. Mzee mmoja akasema alhamdulillahi, mwenye haya hajibu, akainua mikono kuanza fatiha.

Hapo Bi Somoe akanyoosha mkono, akanifinya paja. Nikaguna kwa maumivu, wote wakageuka.

"Shemeji," akasema, "nimekusikiliza mpaka mwisho kwa sababu nina adabu. Lakini redio uliisikia, shehe wangu naye yupo. Huduma hii sikuiomba."